Filamu ya kuchekesha ndani ya duka moja: jinsi ya kuitengeneza Mbeya kwa pesa kidogo

Vijana wengi wa Mbeya wanaotaka kutengeneza filamu yao ya kwanza hukimbilia mapenzi ya kwenye jumba la ghorofa wasilokuwa nalo, au uchawi unaodai moshi na damu ya rangi. Na huku wao wenyewe, au dada zao, wanashinda kutwa dukani Mafiati au Soweto wakiuza bawaba na ndoo, wakisinzia, wakiwasengenya wateja. Filamu ndiyo hiyo. Duka lina kuta, taa, vitu vya kushika mkononi, na sababu halali ya watu wasiojuana kuingia na kutoka. Seti umeshajengewa.

Njia hii ilishajaribiwa na ikakubali. Mwaka 1994 Mmarekani Kevin Smith alitoa Clerks, filamu ya wauzaji wawili waliochoshwa na kazi, iliyoshutiwa kwa dola 27,575 hivi. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka hilohilo huko New Jersey: mchana anauza, usiku anashuti. Hadithi yake ilikuwa ya mchana, naye alikuwa na usiku tu. Basi akaandika ndani ya hadithi kwamba milango ya chuma ya mbele haifunguki kwa sababu kuna mtu kaziba vitasa kwa bigijii. Nje hakuonekani, mtazamaji hana swali, na kichekesho kimepatikana bure. Shika hapo, maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inategemea ujanja huo: unachokikosa, kiingize kwenye hadithi.

Hatua ya 1: Duka kwanza, hadithi baadaye

Usiandike neno kabla hujajua duka ni lipi. Mwenye duka akikubali, ndipo unajua kaunta iko upande gani, stoo ina mlango au pazia, choo kiko ndani au kwa jirani. Skripti iliyoandikwa hewani ikifika dukani inavunjika.

Duka la vifaa vya ujenzi ni zuri kuliko mengi. Vitu vyake haviozi, haviungui kwa taa, na vingi vinachekesha vyenyewe: sinki la choo lililokaa kaunta mwezi wa tatu, ngazi, madumu ya rangi, misumari ya kupima kwa kilo. Duka la vitenge lina rangi nzuri kwenye picha na nguo zake humeza mwangwi. Duka la mangi la mtaani, lile la kuuzia kupitia wavu wa nondo, linabana kamera sana, ila ukiweka kamera ndani ya wavu na wateja wote nje, kila sura inakuja imefungwa kwenye vyumba vidogovidogo vya chuma. Mimi ningelichukua hilo kama filamu ni fupi.

Epuka duka lililo ukingoni mwa barabara kuu ya Tunduma. Malori hayalali, na breki zake zinaingia kwenye kila neno. Ingia mitaa miwili ndani. Mwanjelwa sokoni nako mchana ni vita, kwani kila kibanda kina spika inayorudia bei ileile kutwa nzima.

Ukishampata mwenye duka, mnaandikiana. Karatasi moja inatosha: tarehe, saa za kuingia na kutoka, nani analipia umeme, kilichovunjika kinalipwaje, na kwamba anaruhusu duka lake lionekane. Kabla ya kuhamisha kitu chochote piga picha ya kila rafu. Mkimaliza, mnarudisha kila kopo lilipokuwa kwa kufuata picha hizo. Mwenye duka akikuta asubuhi mambo yako sawasawa, usiku wa pili atakuachia funguo na kwenda kulala.

Hatua ya 2: Kaa dukani usikilize

Chukua kigoda, kaa nyuma ya kaunta siku kadhaa, na daftari. Usihoji mtu. Andika yale yanayojirudia, kwa sababu uchovu wa dukani unatokana na kujirudia. Kuna mteja wa "bei ya mwisho?" ambaye hajasikia hata bei ya kwanza. Kuna wa kuja kuchaji simu. Kuna jirani anayekopa mzani na kuurudisha wiki ijayo. Kuna mwenye jina kwenye daftari la madeni anayepita upande wa pili wa barabara akijifanya anaongea na simu. Na kuna mfalme wao wote, yule wa "ngoja nizunguke kwanza", ambaye hajawahi kurudi tangu maduka yaanze.

Sikiliza pia wauzaji wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyechoka haongei kuhusu kuchoka kwake. Anabishana kama sambusa ni chakula au kitafunwa. Anahesabu malori ya saruji. Anapanga atakavyomjibu bosi siku akiacha kazi, kisha bosi akiingia anasimama wima na kusema "shikamoo". Kati ya ile hotuba na ile shikamoo ndipo mtazamaji anapocheka.

Jambo moja la lugha: Mbeya ina Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wasangu na wengine, na wazee wengi husalimiana kwa lugha zao kabla ya kuuliza bei. Tia "ugonile" (salamu) na "ndaga" (asante) za Kinyakyusa pale zinapokuja zenyewe. Lafudhi ya mtu isiwe ndiyo kichekesho chote, maana watu wa Tukuyu wataicheka dakika mbili, ya tatu wataondoka.

Hatua ya 3: Andika siku moja tu

Duka linafunguliwa, duka linafungwa. Ndani ya hapo unahitaji uzi mmoja mwembamba wa kuvuta siku. Noti ya elfu kumi inatosha. Mteja wa kwanza wa asubuhi ananunua cha mia tano, chenji hakuna, muuzaji mmoja anatoka kwenda kuitafuta kwa majirani. Mteja anakaa kusubiri. Anayesubiri anazoea, anaanza kuwahudumia wateja wengine, saa nane anajua bei za vitu kuliko wauzaji. Aliyeenda kutafuta chenji anarudi jioni na hadithi ndefu na noti ileile.

Sasa tatizo la mchana na usiku. Duka lina wateja mchana, kwa hiyo utashuti usiku au Jumapili asubuhi, wakati sehemu kubwa ya mji iko kanisani. Nje patakuwa na giza, au patupu. Fanya kama yule wa New Jersey, ila kwa sababu ya kwetu: bosi ni mzee wa kanisa. Anataka mauzo ya Jumapili, lakini hataki waumini wenzake waone duka limefunguliwa. Amewaamuru wauzaji wafunge mlango wa chuma na kuacha upenyo wa mtu mmoja kupita kiubavu. Hapohapo umepata sababu ya mlango kufungwa, sababu ya barabara kuwa kimya, sababu ya wateja kunong'ona, na kichekesho cha kila mteja mnene anayejaribu kuingia. Na wauzaji wana haki ya kununa, kwa sababu leo ilikuwa siku yao ya mapumziko.

Kuhusu mazungumzo, acha mtu mmoja awe na dhamira nzito juu ya jambo dogo, na mwenzake asiijali. Mfano:

MAMA: Za saa hizi, wanangu?
NEEMA: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba. Bawaba hizi bei gani?
NEEMA: Elfu tatu, jozi.
MAMA: Na zile?
NEEMA: Elfu nne.
MAMA: Kile kitasa?
NEEMA: Kumi na tano.
MAMA: Na hiyo ngazi?
TUMAINI: Mama, ngazi haiuzwi. Ni yetu ya kupandia.
MAMA: Kwani nimesema nainunua? Nauliza bei.
(Kimya. Neema na Tumaini wanatazamana.)
NEEMA: Elfu sitini.
MAMA: Mh! Haya, ngoja nizunguke kwanza.
(Anatoka kiubavu. Tumaini anachukua chaki, anachora mstari mmoja ukutani. Ukuta una mistari mingi.)

Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyepigwa kofi, na hakuna sauti ya "boing" ya kuwaambia watu sasa mcheke. Ukimwongezea mama huyo kilemba cha kuchekesha na miwani mikubwa, umeharibu. Anachekesha kwa sababu tunamfahamu.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Andika kurasa 40. Timu ndogo inayoanza inaweza kumaliza kurasa nne kwa usiku mmoja bila kugombana, kwa hiyo kurasa 40 ni usiku kumi. Ndiyo, utatamani ya dakika 90. Ngoja ya pili.

Hatua ya 4: Vibali

Hapa wengi hukwepa, kisha hujificha na filamu iliyokamilika. Filamu nchini ziko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania. Unahitaji kibali kabla ya kushuti, na filamu inatakiwa kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, ukiwa na skripti, muhtasari na orodha ya wahusika wa kazi. Atakuelekeza ada na utaratibu wa wakati huo. Mambo ya hakimiliki yanasimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sajili kazi yako huko.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na hii usiiruke hata kama una karatasi zote za Dodoma na Dar es Salaam. Duka lililofungwa, saa saba usiku, taa zinawaka, watu wanahamisha mizigo: walinzi wa mtaa wakipita watafikiri nini? Mwenyekiti awaambie ulinzi shirikishi na kituo cha polisi cha karibu mapema. Nakala ya kibali ibandikwe mlangoni.

Hatua ya 5: Pesa

Pesa nyingi zitaishia tumboni na barabarani. Piga hesabu hivi: watu tisa, usiku kumi, sahani ya shilingi 3,000, hiyo ni 270,000. Sita kati yao wanahitaji bodaboda ya 2,000 kurudi kwao alfajiri, hiyo ni 120,000. Jumla 390,000 hata kamera hujaishika. Weka bei za mtaani kwako, hesabu ni ileile. Chakula kikikatwa, usiku wa tatu hutakuwa na waigizaji.

Kamera iwe simu nzuri ya mmoja wenu. Kinachobaki chote kipeleke kwenye sauti.

Hatua ya 6: Waigizaji

Watafute kwenye vikundi vya maigizo vya makanisani, vyuoni na kwenye kwaya. Mtu wa kwaya anajua kusubiri zamu yake, na ucheshi wa namna hii ni kusubiri. Ma-MC wa harusi wana kipaji, lakini wengi hawawezi kunyamaza sekunde mbili mbele ya watu. Mpime kila mmoja kwa zoezi moja: mkalishe nyuma ya kaunta dakika tatu bila maneno, ana kazi ya kubandika bei kwenye makopo. Ukiendelea kumtazama, mchukue.

Mama wa "ngoja nizunguke" achezwe na muuzaji halisi. Ameshaisikia sentensi hiyo kiasi kwamba hahitaji kufundishwa.

Hatua ya 7: Kushuti

Chagua majira kwanza. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ipo, na mvua kwenye bati inafuta kila neno. Tukuyu ndiyo usijaribu kabisa, maana Mei nako hakujakauka. Juni hadi Septemba ni kukavu. Baridi ya Juni na Julai unaijua. Wavishe wahusika masweta na kofia za sufu, wafunge mikono kwapani, na hapo wamefanana na wauzaji wa Mbeya kweli. Usiku huo kuna atakayependekeza jiko la mkaa liingizwe ndani ili watu wapate joto. Kataa kabisa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamekaa. Jiko likae nje, watu watoke kuota moto kwa zamu.

Sauti. Watu watasamehe picha yenye giza, sauti mbovu hawaisamehi. Nunua au azima maiki mbili ndogo za kubana kwenye nguo, kila moja iingie kwenye simu yake iliyowekwa hali ya ndege. Ficha maiki chini ya kola ya sweta, bandika kwa plasta ili isisuguane na sufu. Friji la soda lizimwe kila mnapoanza kurekodi, na funguo za pikipiki ya mwongozaji ziwekwe ndani ya friji hilo. Hataweza kwenda nyumbani bila kulifungua, na akilifungua atakumbuka kuliwasha. Bati nalo lina sauti yake: lililopigwa na jua mchana, baridi ya jioni ikiingia linajikunja na kulia ta, ta, ta. Subirini mpaka litulie. Mwisho wa kila usiku wote wanyamaze, rekodini ukimya wa duka kwa dakika nzima. Wakati wa kuhariri, ukimya huo ndio unaoziba mashimo kati ya maneno.

Picha. Kwenye simu weka programu inayokuruhusu kuseti mwenyewe. Blackmagic Camera ni ya bure. Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kasi nyingine huweza kufanya taa za tyubu zipepese kwenye picha. Funga mwanga na rangi, simu isijibadilishe katikati ya sentensi. Balbu zote za dukani ziwe za rangi moja, nyeupe zote au njano zote. Umeme ukikatika kuweni na taa mbili za kuchaji, na tukio moja fupi lililoandikwa maalumu kwa giza, ili usiku usipotee bure.

Kamera ikae mahali pamoja. Mwache mteja aingie kwenye picha na kutoka, kamera isimfuate. Ukianza kuzungusha simu na kumsogelea kila anayeongea, mtazamaji anapata shughuli ya macho na uchovu wa wale wauzaji unapotea. Piga kila tukio zima kwa picha pana mara mbili au tatu, kisha sogea upige nyuso. Uso wa anayesikiliza upigwe mrefu kuliko wa anayeongea.

Kagua ukutani kabla hujabonyeza. Lipa namba, namba za simu, risiti za EFD zenye TIN ya mwenye duka, majina kwenye daftari la madeni: vyote vifunikwe au vibadilishwe na vya uongo. Mifuko ya saruji igeuzwe nembo ikae nyuma. Redio izimwe, kwa sababu wimbo ukisikika hata kwa mbali unahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Na mtu mmoja akae nje ya mlango usiku kucha. Kazi yake ni kumwambia kwa upole yule atakayegonga saa tano kuuliza kama mna gundi ya bomba. Mpeni daftari. Baadhi ya maneno ya wagongaji hao yatafaa kesho.

Hatua ya 8: Kuhariri

DaVinci Resolve ya bure inatosha kama kompyuta ina nguvu. Vinginevyo tumia Kdenlive. Hakikisha video zote ziko kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja. Kata mwanzo na mwisho wa kila tukio, watu wakishasalimiana ingia kwenye jambo. Ila ule ukimya wa Neema na Tumaini kabla ya "elfu sitini" usiuguse. Ukiuona mrefu, uache. Ukianza kuuonea aibu, hapo umefika.

Muziki usiwepo ndani ya duka. Kijana wa mtaani mwenye gitaa akupigie wa mwanzo na wa mwisho, mnaandikiana, basi.

Hatua ya 9: Kuonyesha

Kabla hujaitangaza, waite watu kama ishirini wasiokujua, wauzaji wa maduka wawe wengi, na ukae mbele yao ukiupa mgongo ukuta wa picha. Tazama nyuso. Andika dakika walipocheka, na dakika mtu alipotoa simu mfukoni. Usiwaulize kama ni nzuri, watakuambia ni nzuri. Rudi ukate pale simu zilipotoka.

Ikishapata daraja, jaribu ukumbi mdogo au kibanda umiza cha mtaani kwenu siku isiyo na mechi. Tamasha la ZIFF la Zanzibar lipo tangu 1998 na hupokea kazi za Afrika Mashariki. Bodi ya Filamu nayo ina tamasha na tuzo zake, ambazo Desemba 2021 zilifanyika hapahapa Mbeya. Kwa matamasha ya nje utahitaji maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mpe kazi hiyo mtu anayejua lugha zote mbili vizuri, aandike upya kichekesho badala ya kuhamisha neno kwa neno.

Kabla ya kuipandisha YouTube, kaeni wote mezani mwandike nani anapata asilimia ngapi ya kitakachoingia, na mwenye duka awemo. Kila mmoja asaini, abaki na nakala yake. Fanyeni hivyo wakati bado hakuna hata shilingi ya kugombania.